Ghala la kazi zetu lataka vifaa vinavyopatana

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliyofundisha Kiswahili, sijachoka kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba sentensi haikamiliki kwa kuwa na maneno mazuri pekee. "Kitabu", "yangu" na "mzuri" ni maneno halali, kila moja mahali pake. Yaweke pamoja, useme "kitabu yangu mzuri", nawe utakuwa umezua kioja. Kinachokosekana hapo si msamiati bali upatanisho.

Sikudhani kwamba siku moja somo lilo hilo ningefundishwa mimi, tena na mashine.

Kisa chenyewe kilianza na hasara. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakienda kwao wakati wa likizo kurekodi ngano, vitendawili na nyimbo za wazee kwa ajili ya fasihi simulizi. Rekodi hizo, pamoja na mitihani niliyotunga, maazimio ya kazi na picha za sherehe za shule, nilizihifadhi katika diski moja ya kubebeka. Jioni moja diski hiyo ilianguka kutoka mezani. Nilipoichomeka kwenye tarakilishi ilitoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Fundi aliyeifungua alinionyesha mikwaruzo iliyoachwa na vichwa vya kusomea juu ya sahani zake.

Baadhi ya wazee waliorekodiwa walikuwa wamekwisha kuaga dunia. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mzazi, alinipigia simu akiomba sauti ya nyanya yake. "Mwalimu, najua wewe hutupi kitu," alisema. Sikuwa na la kumjibu.

Ndipo nilipokata shauri niunde seva ya nyumbani. Msomaji asitishwe na jina hilo. Seva ya aina hii ni tarakilishi ya kawaida isiyohitaji skrini, inayokaa pembeni mwa chumba ikiwa na diski mbili au zaidi, na ambayo simu na tarakilishi nyingine za nyumbani huifikia kupitia ruta. Kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa pia katika ya pili, hivi kwamba moja ikifa, nyingine husalia na kila kitu. Mtindo huu wa kuzitumia diski kadhaa za bei nafuu kama chombo kimoja ulielezwa mwaka wa 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz.

Wapo watakaouliza kwa nini nisilipie tu nafasi katika mtandao. Nafasi hiyo ina manufaa yake, nami sipingi. Hata hivyo, hulipiwa kila mwezi, na kupakia video za miaka kumi kwa vifurushi vya simu ni kazi ya kumfilisi mwalimu. Aidha, rekodi za watoto wa watu si vitu vya kutawanywa ovyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yadai idhini ya mzazi. Nilitaka ghala ambalo ufunguo wake ninao mimi.

Basi nikashika njia hadi Luthuli, jijini Nairobi, nikiwa na akiba ya miezi minne. Nilinunua tarakilishi ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini. Nilinunua diski nne ambazo muuzaji aliapa kuwa ni "za seva, imara kama chuma". Nilinunua na vibao viwili vya kumbukumbu, navyo vya seva. Nilirejea nyumbani nikijipongeza kwa bei niliyopata.

Usiku huo sikulala. Diski hazikuingia. Zilikuwa za aina ya SAS, zinazotumiwa katika seva za makampuni, ilhali matundu ya mashine yangu yalikuwa ya SATA. Bodi iliyotengenezewa SAS hupokea diski ya SATA, lakini kinyume chake hakiwezekani. Hata umbo la kichomekeo limefanywa makusudi lisikubali. Na hata zingekubali, matundu yalikuwa matatu tu, ilhali diski zilikuwa nne.

Vibao vya kumbukumbu vilinidanganya zaidi, kwa kuwa viliingia barabara. Taa ziliwaka, feni ikazunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Vilikuwa vya DDR4 kama mashine ilivyotaka, ila vya aina ya seva kubwa, ambavyo hubeba chembe ya ziada inayozipokea amri kabla ya kuzipitisha. Bodi isiyotengenezewa aina hiyo haiwezi kuzungumza nayo. Nacho kisanduku cha kugawa umeme kilikuwa na nyaya mbili tu za diski, na umbo lake lilikuwa la kampuni iliyounda mashine hiyo pekee, hivyo sikuweza kukibadilisha kwa kile cha kawaida.

Nilirudi dukani asubuhi. Muuzaji alinitazama kwa upole, akanyoosha kidole kwenye bango lililokuwa ukutani. "Mwalimu, kilichouzwa hakirudishwi."

Nilikasirika, lakini baada ya kutafakari nilikiri kwamba sikuibiwa. Kila kifaa nilichonunua kilikuwa kizima, na kingefanya kazi vizuri mahali kilipostahili. Nilikuwa nimenunua maneno mazuri matano yasiyounda sentensi. Kosa langu lilikuwa kuuliza bei na uimara wa kila kitu, bila kuuliza kitapatana na nani.

Mara ya pili nilianza na karatasi na kalamu, wala si pesa. Kwanza nilipiga hesabu ya mahitaji. Rekodi ya sauti ya saa moja, katika kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, haifiki megabaiti 60. Saa elfu moja za sauti hazijazi hata gigabaiti 60. Video ndizo hula nafasi. Niligundua kwamba diski mbili za terabaiti 4, zikitunza nakala sawa, zingenitosha kwa miaka mingi. Zile diski nne za awali zilikuwa tamaa tu. Na mtu asishangae tarakilishi yake ikimwonyesha terabaiti 3.6 badala ya 4: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, nazo programu nyingi huhesabu kwa 1024.

Kisha nikatafuta aina ya diski, na hapa nawasihi walimu wenzangu wasikilize kwa makini. Zipo diski ambazo njia zake za data zimetengana, ziitwazo CMR. Zipo nyingine, SMR, ambazo njia zake hupandana kama mabati ya paa. Hizi za pili ni nafuu, na kwa kutunza vitu visivyobadilishwa mara kwa mara si mbaya. Lakini kuandika upya njia moja hulazimu kuziandika upya na jirani zake. Siku ambayo diski moja imekufa na mpya yapaswa kujazwa nakala yote, diski ya SMR huweza kuzorota kiasi kwamba seva huidhania kuwa nayo imekufa.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Mnamo mwaka wa 2020 ilifichuka kwamba hata makampuni makubwa ya Western Digital, Seagate na Toshiba yalikuwa yameuza baadhi ya diski za SMR bila kulitaja jambo hilo katika maelezo ya bidhaa. Baadhi ya zile za Western Digital zilikuwa katika jamii ya Red, iliyotengenezwa mahususi kwa seva za nyumbani. Baada ya malalamiko, makampuni hayo yalichapisha orodha ya diski zao na aina zake. Orodha hizo zinapatikana bure. Mwalimu aandike nambari kamili ya diski, aitafute humo, ndipo atoe mkoba.

Kwa upande wa bodi kuu, yaani ule ubao ambao vifaa vyote hupachikwa juu yake, nilipakua mwongozo wake na kuusoma kama nisomavyo riwaya ya kutahiniwa. Humo nilikuta kwamba ukitumia tundu la diski ndogo bapa, liitwalo M.2, mojawapo ya matundu ya SATA hufa. Habari hiyo haikuandikwa kwenye sanduku. Ilikuwa tanbihi ya mstari mmoja. Mwongozo huo huo ulitaja vibao vya kumbukumbu vinavyokubalika. Nilichukua gigabaiti 8, kiwango cha chini kinachotakiwa na programu ya TrueNAS, ingawa hatimaye nilitumia OpenMediaVault, iliyojengwa juu ya Debian na isiyolipiwa.

Umeme nao una upatanisho wake. Diski kubwa huvuta umeme mwingi zaidi sekunde zile chache inapoanza kuzunguka, kwa hiyo kisanduku cha umeme kipimwe kwa kiasi hicho. Na tafadhali, msomaji, usichukue nyaya za kisanduku kimoja ukazichomeka kwenye kingine kwa sababu tu zimeingia. Upande wa diski hufanana duniani kote, lakini upande wa kisanduku kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Waya usio wake waweza kuunguza diski zote kwa mpigo mmoja.

Mwisho nilitazama njia ya kufikia ghala. Ruta yangu ya zamani ilipitisha megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12 hivi. Kuhamisha gigabaiti 500 kwa njia hiyo kungechukua zaidi ya saa kumi na moja. Ruta ya gigabiti moja hufanya kazi hiyo kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Diski ya kasi nyuma ya ruta ya polepole ni sawa na basi kubwa lililokwama katika kichochoro.

Mashine yangu sasa yala takriban wati 40, yaani karibu uniti moja ya stima kila siku. Nimeipa betri ya UPS yenye waya wa kuijulisha seva kwamba stima imepotea, ili izime kwa utaratibu. Wenye kukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, wakati sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani, hawatauliza kwa nini.

Hata hivyo, ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Diski mbili zenye nakala sawa hukuokoa kutokana na kifo cha diski moja, basi. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili papo hapo. Mwizi akibeba kasha, amebeba zote. Radi haichagui. Kwa hiyo nina diski ya tatu nyumbani kwa ndugu yangu, nami huijaza upya kila mwisho wa muhula. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari lataka nakala, tena katika nyumba nyingine.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wauzaji. Hatuwaombi wauze kwa hasara. Tunawaomba waandike katika stakabadhi aina kamili ya diski na ya kumbukumbu, na wakubali kubadilisha kifaa ambacho, kwa maelezo yao wenyewe, kilipaswa kupatana na kingine kisipatane. Bango la "kilichouzwa hakirudishwi" lisiwe ngao ya kumkinga asiyejua anachouza.

La pili ni kwa shule zetu. Kila shule ina chama cha uandishi wa habari, cha mazingira, cha mijadala. Mbona vyama vya tarakilishi visipewe kazi ya kuunda ghala la shule, wanafunzi wakiisoma miongozo, wakipiga hesabu na kutetea kila kifaa mbele ya wenzao kabla ya senti moja kutolewa? Huko ndiko kusoma kwa ufahamu. Mwanafunzi aliyegundua tanbihi ya mstari mmoja inayookoa elfu kumi za shule hatauliza tena faida ya kusoma hadi mwisho wa ukurasa.

Kuhusu zile rekodi, niliwatafuta wanafunzi wangu wa zamani. Wachache walikuwa wamebakiza nakala katika simu mbovu zilizosahauliwa masandukuni. Nimepata kumi na nne kati ya mamia. Sauti ya yule nyanya haimo.

Likizo ijayo kidato cha tatu wanakwenda tena vijijini. Safari hii, kabla ya kuwapa orodha ya maswali ya kuwauliza wazee, nitawaonyesha mahali ambapo majibu yatakaa.