Kamera ya kompyuta na nyuso zetu: kosa langu la kadi 64



Kuliulizwa hapa nani anaweza kututengenezea kadi za chama, na wengi mukanitaja mimi. Aksanti sana. Lakini kabla sijakubali, acha niwaeleze jambo lililonipata pale Lubondja, sababu kila mtu anayechukua picha kwa kamera ya kompyuta anaweza kuanguka ndani ya shimo lilelile. Munaosoma informatika mutavumilia, nitaeleza na kwa wale wa sheria na wa pedagojia.

Kulikuwa shule moja, sitaitaja, iliyotaka kadi za kazi kwa walimu na wafanyakazi wake. Mpiga picha wa kutoka mbali alidai pesa ya safari kuliko pesa ya picha zenyewe. Mimi nilikuwa na kompyuta, sola ndogo, na programu niliyoiandika mwenyewe kwa Python. Unaandika jina la mtu, unabonyeza kifungo, programu inachukua picha kwa ile kamera ndogo iliyo juu ya kioo, inaipanga kwenye kadi, unachapisha. Kwa siku mbili nikamaliza watu 64. Nikalipwa, nikafurahi, nikajisifu hata kwa mama yangu.

Wiki tatu baadaye mwalimu mmoja, mzee wa heshima, alikuwa anashuka Baraka. Kwenye bariyeri wakamwomba kitambulisho. Munajua hali yetu: kwa miaka mingi Congo raia wa kawaida hana kadi ya uraia, kadi ya mpiga kura njo inafanya kazi hiyo, na ya kwake maandishi yalikuwa yamefutika. Basi akatoa ile kadi yangu. Askari akaiangalia, akamwangalia yeye, akasema: "Huyu ni nani? Hapa hakuna mtu." Na alisema kweli. Kwenye kadi kulikuwa shuka jeupe nyuma, kola nyeupe ya shati, na katikati doa jeusi lenye macho. Walimweka pale tangu asubuhi mpaka saa kumi, hadi alipopita mtu anayemjua. Huku kwetu, kukaa muda wote huo bila kujulikana wewe ni nani si mchezo.

Aliporudi hakunigombeza. Aliweka kadi juu ya meza na kusema, "Mwanangu, nitafutie uso wangu."

Nilianza kwa kulaumu kamera. Lakini kamera ileile, nikiifungua kwa programu ya kuzungumza na watu wa Nyarugusu, inanionyesha vizuri. Sasa kwa nini kwenye programu yangu inatoa doa?

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kamera ya kompyuta haipigi picha. Kamera ya studio inangoja ubonyeze, halafu inapiga moja. Hii ya kompyuta inatiririsha tu, mara nyingi picha 30 kwa sekunde, kama maji ya mto. Kila picha moja ndani ya mto huo inaitwa fremu. Programu inayosema "piga picha" kwa kweli inachota kikombe kimoja cha maji. Swali lote ni umechota wapi na saa ngapi.

Mimi nilikuwa nachota vibaya kabisa. Ili kulinda betri, niliandika programu ifungue kamera kwa kila mtu, isome fremu moja, ifunge. Niliona ni akili nyingi! Lakini kamera inapofunguliwa haijui bado chumba kiko na mwanga kiasi gani. Inaanza na makisio, inapima, inarekebisha, inapima tena, mpaka inatulia. Rangi nayo ni vilevile: kamera inatafuta nyeupe ni ipi, na kabla haijaipata watu wanatoka kijani au buluu. Kazi hiyo inachukua sekunde moja, pengine mbili. Walimu wote 64 niliwachukua ndani ya fremu ya kwanza, kabla kamera haijafumbua macho vizuri.

Munaweza kuona jambo hili wenyewe. Fungua kamera ya kompyuta yako, ifunike kwa mkono, hesabu mpaka tano, toa mkono. Picha itakuwa nyeupe sana, halafu itashuka polepole mpaka iwe sawa. Huo muda wa kushuka njo muda ambao programu yangu haikuutoa.

Dawa yake ni rahisi: acha kamera wazi, tupa fremu za mwanzo, halafu chukua. Watu wengi wanaandika "tupa fremu 30". Mimi nashauri kuhesabu muda, sekunde mbili, si fremu. Sababu ndani ya chumba chenye giza kamera nyingi zinapunguza mwendo ili kila fremu ipate mwanga zaidi. 30 zinaweza kuwa 10 kwa sekunde. Na hapo mtu akitikisika kidogo anatoka na pua mbili. Kwa hiyo programu yangu ya sasa inachukua fremu kumi mfululizo, inapima ipi iko na mistari mikali zaidi, inabakiza hiyo moja.

Lakini nilipotupa fremu za mwanzo, uso wa mzee bado ulikuwa na giza. Kidogo afadhali, lakini giza. Kosa la pili halikuwa ndani ya programu, lilikuwa ukutani: lile shuka jeupe. Kamera nyingi za bei ndogo hazijui uso ni upi. Zinapima mwanga wa picha nzima, zinajaribu kuleta wastani wake karibu na kijivu cha katikati. Ukimweka mtu mweusi mbele ya shuka jeupe, kamera inaona weupe mwingi, inasema "mwanga umezidi", inapunguza. Shuka linakuwa kijivu kizuri, na uso unashuka chini pamoja nalo. Mbaya zaidi, mimi nilikuwa nimetundika shuka upande wa dirisha, jua likatokea nyuma ya watu. Hapo hata malaika angetoka doa.

Hili si jambo la jana. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, Kodak ilikuwa inatumia maabara za picha kadi ya mwanamke mzungu ili wapime rangi kwa ngozi yake. Ikitoka vizuri kwake, basi mashine iko sawa. Watu weusi walitoka jinsi walivyotoka. Kamera za leo ni bora sana kuliko filamu zile, lakini kukubali bila kuangalia kile ambacho mashine imeamua yenyewe, hapo njo tunapopoteza nyuso zetu.

Niligeuza kiti. Mtu akaangalia dirisha, mimi nikakaa na mgongo dirishani. Shuka nikalibadilisha kwa kitambaa cha buluu ya katikati, kisichong'aa. Uso wa mzee ukatokea, na mikunjo ya paji, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Sikugusa hata mstari mmoja wa programu kwa hilo.

Sasa sikilizeni kosa la tatu, sababu hilo ndilo linaniogopesha zaidi. Baada ya kuacha kamera wazi muda wote, nilidhani nimemaliza. Nikawaita walimu wote warudie. Nikamwandika baba mmoja, nikachukua. Akafuata mama mwalimu wa shule ya msingi, tukasalimiana, tukaandika jina lake, nikabonyeza. Kadi ikatoka: jina la mama, uso wa baba!

Tulicheka mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka. Fikiria kadi hiyo kwenye bariyeri.

Sababu yake ni hii. Kati ya kamera na programu kuna kisanduku kidogo cha kungojea, chenye nafasi ya fremu chache, nne kwa mfano. Kamera inaweka fremu ndani, programu inazitoa. Kama programu haizitoi, kisanduku kinajaa, na kwenye mfumo kama Linux niliokuwa natumia zile za zamani zinabaki palepale zikingoja. Mimi nilikuwa nasoma tu nikibonyeza kifungo. Kwa hiyo baba alipoondoka kwenye kiti, fremu zake zilibaki ndani ya kisanduku, na mama alipokaa programu ikatoa kilichokuwa mbele ya foleni. Dawa: programu isome bila kusimama, ionyeshe kwenye kioo kile inachosoma, na kifungo kiseme tu "bakiza hii ya sasa". Hivyo mtu mwenyewe anajiona kabla hujachukua, na akikataa unarudia. Nimegundua wamama wanakataa mara tatu, wababa mara tano.

Nikipita haraka kwenye mengine. Maktaba ninayotumia, OpenCV, iliyoanzia Intel mwaka 1999, inapanga rangi kinyume: buluu kwanza, nyekundu mwisho. Ukipeleka picha kwenye programu nyingine bila kugeuza, watu wote wanakuwa wagonjwa wa buluu. Na usipoiomba ukubwa, kamera mara nyingi inakupa pikseli 640 kwa 480. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapishwa vizuri, inahitaji pikseli karibu 413 kwa 531, kwa hiyo 480 za kwenda juu hazitoshi. Omba 1280 kwa 720. Lakini kamera inaweza kukataa kimyakimya, bila kosa lolote kuonekana. Baada ya kuomba, uliza tena imekupa nini.

Halafu majina ya faili. Nilikuwa nahifadhi kila picha kwa jina la mtu. Kwetu Wabembe, chumba cha watu 64 kiko na akina Asukulu wangapi? Asukulu wa pili alimfuta wa kwanza, na programu haikusema neno. Sasa kila mtu anapata namba kwanza, faili inaitwa kwa namba, na jioni nahesabu: watu kwenye orodha, faili kwenye diski, lazima zilingane kabla watu hawajarudi nyumbani. Na kila picha inahifadhiwa palepale, haingoji mwisho wa siku, sababu betri ya sola haimpi mtu taarifa.

Jambo moja ambalo si la ufundi. Orodha ya majina pamoja na nyuso, katika eneo letu, si kitu cha kuzungusha kwenye USB kutoka mkono hadi mkono. Ile shule nilipomaliza niliwaachia nakala moja kwa mkuu wake, ya kwangu nikafuta mbele yake. Kwa kadi za chama nitaomba tufanye hivyo, na kamati iandike nani anabaki na nakala.

Walimu wote 64 niliwafanyia upya bila kudai pesa. Karatasi na wino vilinila faida yote ya mwanzo na zaidi kidogo. Mzee alikuwa wa kwanza. Alikaa akangoja zile sekunde mbili, akauliza, "Unangoja nini?" Nikamwambia nangoja kamera ikuzoee.

Basi kama bado munanitaka, masharti yangu ni haya: chumba chenye dirisha kubwa, mchana, kiti kinachoangalia mwanga. Kitambaa cha buluu ninacho. Watu wa Baraka na wa Fizi mupange siku yenu, sisi wa Lubondja tutapanga yetu. Na tafadhali musije na mashati meupe.