Gari kuukuu la kwanza: kabla ya kushika spana, shika hesabu

KATIKA maboma mengi kati ya Molo, Turi na Elburgon hukosi kuona gari lililolala. Liko nyuma ya ghala la viazi au chini ya msaipresi, tairi zimeishiwa na pumzi, nyasi zimefika mlangoni na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ukiuliza, utaambiwa kwamba baba, au kijana wa kwanza, alilinunua kwa bei ya kutupa akinuia kulitengeneza polepole. Polepole ikawa miaka.

Je, msomaji, nawe umeanza kulitamani gari la aina hiyo? Huenda umeliona kwa jirani, limeandikwa "linauzwa" kwa chaki kwenye kioo. Tamaa hiyo si mbaya. Kijana anayefungua injini kwa mikono yake mwenyewe na kuifunga tena hujifunza mengi. Na kuna ushahidi wa karibu kwamba gari la mtumba likipata mikono mizuri hufika mbali. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka wa 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda mbio za Safari kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengi waliiona kuwa gari lililochoka.

Lakini kwa kila gari linaloamka, yako mengi yasiyoamka. Makala haya ni ya kukusaidia kuchagua lile litakaloamka, bila kuila karo ya watoto.

Kwanza, hesabu

Anza nyumbani, si sokoni. Gari la kujifunzia si gari la kukufikisha kazini Jumatatu. Ukilinunua ukitarajia lianze kubeba viazi mwezi ujao, utalazimika kulitengeneza kwa haraka na kwa mkopo, na hapo ndipo magomvi ya nyumbani huanza. Kaa na mkeo, au mumeo, mkubaliane juu ya kiasi ambacho kikipotea chote hakuna mtoto atakayerudishwa kutoka shuleni.

Kisha kigawe kiasi hicho mara tatu. Fungu moja ndilo la kununulia. Mafungu mawili yawekwe kando kwa spea, makaratasi, bima na yale ambayo hukuyaona siku ya kununua. Mtu anayemaliza pesa zote kwa muuzaji amenunua banda la kuku. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Kwa nini dogo?

Gari dogo lenye injini ya sisi 1,000 hadi 1,300 lina huruma kwa mwanagenzi. Injini yake huinuliwa na watu wawili watatu kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti imara. Tairi zake ni ndogo na bei yake ni nafuu. Halina mitambo mingi ya umeme, na ukikosea, kosa lenyewe hugharimu pesa kidogo. Anayeanza na gari kubwa la kifahari kwa sababu limeuzwa rahisi hugundua kwamba bei ya gari ilishuka lakini bei ya spea zake haikushuka.

Sharti lingine ni la kisheria. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umepita miaka minane. Kwa hiyo, gari kuukuu utakalolipata ni lile ambalo tayari liko nchini na limekuwa likitumiwa na watu wa hapa. Hilo ni jambo jema kwako: angalia magari ambayo majirani zako wameyatumia kwa miaka mingi, na hapo utakuta mafundi wanaoyajua na spea zake zilizorundikwa.

Manne ya kupimwa

Datsun 120Y ya miaka ya 1970 ni mwalimu mzuri. Injini yake ya sisi 1,171 huendesha magurudumu ya nyuma, na ukifungua boneti unaona nafasi ya kuingiza mkono hadi kwenye bega. Tatizo lake ni umri. Vioo, taa na vipande vya bodi ni adimu, na nyingi zimeliwa na kutu.

Corolla KE70 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni ndugu yake wa karibu. Injini yake ni rahisi, hutumia mnyororo badala ya mshipi ndani, na mafundi wengi wa rika la juu wanaweza kuifungua wakiwa wamefumba macho. Ukilipata lililo kamili, usiliache.

Volkswagen ile ya mgongo wa kobe haina rejeta wala maji, kwani injini hupozwa kwa hewa. Injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, ndiyo maana hupanda matope vizuri. Hata hivyo, spea zake zimekuwa za kutafutwa, na wenye nazo wanajua thamani yake. Hili mwachie mwenye subira na mfuko.

La nne ni Toyota Starlet, hasa zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990. Huendesha magurudumu ya mbele, uzito wa injini hukandamiza magurudumu hayo, na kwenye tope jepesi hujitoa. Zile za zamani zina kabureta, zile za baadaye hunyunyiziwa mafuta kwa umeme. Nafasi ndani ya boneti ni finyu kidogo, lakini spea zake ni rahisi kupata kuliko za hayo mengine matatu, iwe Nakuru au katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Ushauri wetu ni upi? Kama hili ni gari lako la kwanza na hakuna fundi mzee jirani yako, chukua Starlet. Kama una fundi wa kukuelekeza na unataka kujifunza tangu misingi, tafuta KE70. Hizo mbili nyingine ziwe mradi wa pili.

Baridi ya Molo na ujanja wake

Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na hilo gari linalijua. Hewa hapa ni nyepesi. Shinikizo lake ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Injini ya kawaida hivyo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Usishangae Datsun iliyosifiwa pwani ikipanda kilima cha Turi kwa kulalamika.

Kabureta iliyorekebishwa kwa mabondeni huleta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo huku juu. Matokeo ni moshi mweusi na plagi zenye masizi. Muuzaji akikwambia injini imekufa kwa sababu ya moshi mweusi, huenda hajui kwamba mrekebisho mdogo wa kabureta ungemponya mgonjwa. Huo ndio ujuzi unaokupatia bei nzuri.

Moshi wa samawati ni habari nyingine: mafuta ya injini yanaungua, ringi au sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, huonyesha kwamba gasketi ya hedi imeungua au hedi yenyewe imepinda.

Jambo jingine: kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyazuia kwa shinikizo. Kifuniko kilicholegea, ambacho ni kitu kidogo cha pesa kidogo, huweza kuunguza injini nzima njiani kwenda Mau Summit. Kibadilishe kabla ya kubadilisha rangi ya gari.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, wakati umande ungali majanini. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, muuzaji ameshaliamsha gari kabla hujafika, na huenda alikuwa na sababu. Rudi siku nyingine. Injini inayokubali kuwaka kwenye baridi ya Molo imekueleza ukweli mwingi.

Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa mgando, usikimbie mara moja. Katika baridi, gari linalotembea safari fupi fupi hupata utelezi kidogo kwa sababu ya unyevunyevu. Chomoa kile kijiti cha kupimia mafuta. Kama nacho kimejaa uji huo, basi maji yameingia kwenye mafuta, na hiyo ni injini ya kufunguliwa yote.

Beba vitu viwili: sumaku na bisibisi. Pitisha sumaku kwenye bodi, hasa chini ya milango na kando ya magurudumu. Pale isiponata, hapo si bati bali ni puti iliyopakwa rangi. Kisha lala chini ya gari lililosimama kwenye magurudumu yake yote, uguse sakafu na fremu kwa bisibisi. Kutu ya juu husuguliwa. Kutu inayomeza bisibisi huhitaji mchomeleaji kwa wiki nzima. Injini hubadilishwa kwa siku moja, lakini bodi iliyooza haina duka.

Sasa kanuni iliyo kubwa kuliko zote: gari kamili lisilowaka ni bora kuliko gari linalowaka lakini limepungukiwa. Hesabu vioo, taa, vitasa, dashibodi, viti. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyolaza magari chini ya misaipresi, kwa kuwa kila kimoja ni safari ya Nakuru isiyo na hakika. Na gari ambalo mwenyewe alilifungua likabaki kwenye magunia na ndoo, likatae hata likiwa la bure. Yeye aliyelifungua hakuweza kulifunga, na wewe hukuwepo alipolifungua.

Makaratasi

Bila logbuku, hujanunua gari. Umenunua vyuma chakavu. Linganisha nambari ya fremu na ya injini na zile zilizoandikwa. Fanya uchunguzi wa umiliki kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, ujue kama jina ni la muuzaji na kama gari halijawekwa rehani kwa mkopo. Magari mengi ya mashambani yameuzwa mara tatu kwa maneno tu, huku mwenye jina akiwa alikwisha kufariki. Hapo itakubidi kuzifuata karatasi za mirathi za familia usiyoijua. Na gari lisiingie barabarani, hata kwa majaribio, bila bima ya angalau mtu wa tatu. Sheria haiulizi kama ulikuwa unafanya mazoezi.

Breki kwanza, sauti baadaye

Vijana wengi huanza na rangi na redio. Wewe anza na breki. Anayetoka Molo kwenda Nakuru kwa barabara kuu hukutana na mteremko wa Sachang'wan hadi Salgaa, na mteremko huo hauna mzaha. Badilisha mafuta ya breki, maana huvuta maji kadiri miaka inavyopita, na maji hayo huchemka breki zikipata moto. Badilisha mipira iliyopasuka na sili za masta silinda. Shuka mlimani kwa gia ndogo, uiachie injini kazi ya kuzuia. Fundi mwenye uzoefu na azikague kazi hizo kabla hujambeba mtu.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza kwenye udongo wetu mwororo, na matofali hupasuka ghafla. Tumia stendi za chuma, au magogo mazito yaliyokatwa sawasawa, kwenye sakafu ngumu.

Kuhusu petroli, wakazi wa Molo hawahitaji mhubiri. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lililopinduka Sachang'wan lililipuka watu wakichota mafuta, na zaidi ya 100 wakafa. Usioshee vyuma kwa petroli ndani ya banda, usiiweke kwenye beseni wazi karibu na jiko la makaa, na watoto wakae mbali unapofungua tangi au kabureta.

Ukishanunua, tenga siku moja tu kwa juma, tuseme Jumamosi alasiri, na kazi moja kwa kila siku. Andika katika daftari ulichofungua, ulichonunua na bei yake. Mwite binti yako pamoja na kijana wako; spana haijui mvulana wala msichana. Na mkeo akiuliza pesa zimefika wapi, mpe hilo daftari alisome. Gari ambalo hesabu yake iko wazi mezani haligombaniwi, na lisilogombaniwa hupata nafasi ya kumalizika.

Jumamosi ijayo, basi, kabla hujaenda kwa yule jirani mwenye chaki kwenye kioo, tafuta kwanza sumaku.