BUNDUKI YA KWANZA YA MTOTO: NDOGO, LAKINI SI TOI!

Wiki hii twende Marekani kidogo. Kule mashambani, baba kumnunulia mwanawe bunduki ni jambo la kawaida, kama huku kwetu mtoto kununuliwa baiskeli. Usigune! Ipo hata kampuni ya Pennsylvania, Keystone Sporting Arms, inayotengeneza bunduki za watoto ziitwazo Crickett. Nyingine ni za rangi ya waridi, ati!

Sasa mzazi anachaguaje? Wajuzi wengi huanzia kwenye .22. Haina kishindo kikubwa, haipigi teke bega, na risasi zake ni bei poa. Mtoto akiogopa mlio hufumba macho kabla hajafyatua, na hapo somo limekwisha.

Pili, iwe ya risasi moja moja. Ukishapiga, sharti ufungue, utie nyingine, ufunge. Crickett inazidi hapo: hata ukifunga haipigi mpaka uikoki kwa mkono. Kuchelewa huko ndiko kunakomfundisha mtoto kufikiri kwanza.

Tatu, kitako kiwe kifupi na bunduki iwe nyepesi. Ikimzidi mtoto, mtutu unayumba, na unapoyumba unaweza kumgeukia mtu.

Kisha zinafuata sheria nne za Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani aliyefungua shule ya silaha Arizona mwaka 1976. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiangamiza. Kidole kikae mbali na triga mpaka umelenga. Na ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake. Hiyo ya mwisho si mchezo, kwani risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.

Safi kabisa. Lakini mimi nasema kuna kitu cha kununua kabla ya bunduki: kabati la chuma lenye kufuli. Aprili 2013, huko Kentucky, mtoto wa kiume wa miaka 5 alimpiga risasi dada yake wa miaka 2, akafa. Bunduki ilikuwa Crickett, zawadi ya huyo huyo mtoto. Ilikuwa imeegeshwa kwenye kona ndani ya nyumba, na wakubwa hawakujua kuwa imebaki na risasi.

Umeona? Ilikuwa ndogo, nyepesi, ya risasi moja, na bado ikaua. Sifa zote hizo zinasaidia pale tu mkubwa anaposimama kando ya mtoto. Akiondoka, kinachobaki ni kufuli, na ufunguo awe nao yeye.

Na wewe wa Bongo usiseme hayakuhusu. Mdogo wako akiikuta bunduki popote, awe anajua mambo manne ambayo watoto wa Marekani wamefundishwa tangu 1988: simama, usiguse, kimbia, mwambie mkubwa. Mfundishe leo leo, haigharimu hata senti.