Mashine ya Kuvuta Vumbi kwa Nyumba Inayokarabatiwa: Tununue Ipi?



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limekwisha kuzigharimu kamati nyingi za ujenzi: uchaguzi wa mashine ya kuvuta vumbi wakati nyumba ikiwa katika ukarabati.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tukikarabati nyumba ya watumishi, hatukuwa na mahali pengine pa kuwahamishia wakazi wake. Mafundi walibomoa lipu upande mmoja, na upande wa pili watu waliendelea kupika na kulala. Mmoja wao ana pumu. Kila jioni vumbi lilikuwa juu ya vitanda, vyombo na nguo, na mwenzetu huyo alikohoa usiku kucha. Tulikuwa na mashine mpya ya kusafishia mazulia, zawadi ya mfadhili mmoja, tukaona huu ndio wakati wa kuitumia. Siku ya tatu ilianza kulia kwa sauti nyembamba, ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika. Fundi wa umeme alipoifungua alikuta unga mweupe wa jipsamu na saruji umefika hadi ndani ya mota.

Mashine ile haikuwa mbovu. Sisi ndio tuliipa kazi isiyokuwa yake. Ilitubidi kumwandikia mfadhili wetu na kumweleza ukweli. Alitujibu kwa upole, akauliza swali moja tu: je, ni mashine ya namna gani ingefaa? Makala hii ni jibu la swali hilo.

VUMBI LA UJENZI NI VUMBI LA NAMNA GANI?

Vumbi la kawaida la nyumbani ni nyuzi za nguo, nywele, ngozi iliyopukutika na mchanga kidogo unaoingia na viatu. Vumbi la ujenzi ni jiwe lililosagwa. Fundi anapokata marumaru kwa grenda, anapotoboa zege au kupiga msasa ukuta, hutoa chembe nyingi zisizoonekana kwa macho. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70. Chembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni zile zilizo chini ya mikroni 10, na hizo hubaki zikielea hewani muda mrefu baada ya fundi kuondoka.

Mchanga, zege, matofali na marumaru vina madini ya silika. Mtu anayevuta vumbi la silika kwa muda mrefu anaweza kupata ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na hatari yake ya kupata kifua kikuu huongezeka. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi hilo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo usafi wa nyumba inayokarabatiwa ni suala la afya ya mafundi na ya wakazi. Fagio kavu halisaidii, maana hulirusha vumbi hewani upya.

KWA NINI MASHINE YA ZULIA HUUNGUA?

Mashine ya kwanza ya kuvuta vumbi kwa nguvu ya mota ilitengenezwa na mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, mwaka 1901. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake ikapitishwa madirishani. Kabla yake watu walijaribu kupuliza vumbi. Booth yeye alilivuta na kulipitisha kwenye kitambaa cha kulichuja. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo: mota huvuta hewa, na chujio, au filta kama mafundi wanavyoiita, hubakiza vumbi.

Katika mashine nyingi za nyumbani, hewa ile ile iliyopita kwenye mfuko na chujio ndiyo inayoipoza mota. Unga wa saruji au jipsamu huziba chujio kwa dakika chache. Hewa ikipungua, mota hupata joto. Na chembe zinazopenya husaga beringi na brashi za kaboni. Chujio likipata unyevu, saruji iliyomo huganda, na hapo hakuna namna ya kulisafisha.

MAMBO YA KUANGALIA UNAPONUNUA

1. Iwe ya ndoo, ya kuvuta vumbi na maji. Mashine hizi zina pipa chini na mota juu. Takataka nzito huanguka ndani ya pipa kabla ya kufika kwenye chujio. Muulize muuzaji swali hili: je, mota hupozwa kwa hewa yake ya pembeni, au kwa hewa inayotoka kwenye vumbi? Ikiwa ina njia yake ya hewa, itadumu zaidi katika kazi ya ujenzi.

2. Msidanganywe na wati. Wati huonyesha umeme unaotumika. Hazionyeshi nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya uliwawekea watengenezaji wa mashine za kawaida za nyumbani kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, kisha wati 900 mwaka 2017, na nyumba za huko zikaendelea kusafishwa. Kanuni hizo hizo zilidai mota iweze kufanya kazi saa 500 au zaidi. Muulizeni muuzaji kuhusu saa hizo kuliko kuuliza wati.

3. Chujio liweze kuoshwa au kukung'utwa, na lipatikane hapa kwetu. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mashine ambayo chujio lake haliuzwi katika mji wenu itakuwa pambo la stoo baada ya miezi michache. Kabla ya kulipa, ombeni muonyeshwe chujio la akiba, mfuko wa akiba na brashi za kaboni za mota.

4. Angalieni daraja la uchujaji. Mashine za kazi zinazofuata viwango vya Ulaya huandikwa herufi L, M au H. Daraja L huruhusu vumbi lisilozidi asilimia 1 kupita, M asilimia 0.1, na H asilimia 0.005. Kwa zege, marumaru na lipu chagueni M. Mashine isiyo na alama yoyote inaweza kumeza vumbi mbele na kulitoa nyuma, tena lile jembamba lenye madhara zaidi.

5. Mfuko ndani ya pipa. Mfuko wa kitambaa kizito hulinda chujio, na wakati wa kumwaga, vumbi halirudi hewani. Wa karatasi ni wa bei nafuu lakini huchanika upesi kwa kokoto.

6. Mpira mpana. Mipira ya mashine za zulia huwa na kipenyo cha takribani milimita 32 hadi 35. Kwa vipande vya lipu tafuteni milimita 38 au zaidi, la sivyo kutwa nzima mtakuwa mnazibua.

7. Umeme. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani itaungua papo hapo ikichomekwa kwenye soketi zetu. Someni kibati kilichoandikwa volti, na si boksi peke yake.

MAHALI AMBAPO MASHINE HAIRUHUSIWI

Nyumba nyingi za zamani za parokia na shule zina bati au dari za asbesto. Nyuzi za asbesto husababisha saratani. Msizivunje, msizifagie, wala msizivute kwa mashine ya kawaida, hata kama ina chujio zuri. Simamisheni kazi na muwasiliane na mamlaka ya mazingira au ya usalama mahali pa kazi. Kadhalika, msivute majivu yenye moto, wala msivute petroli au tina. Mashine inaweza kulipuka.

NAMNA YA KUITUMIA IDUMU

Kila jioni, nyunyizeni maji kidogo sakafuni na mzoe vipande vikubwa kwa koleo. Mashine ije mwisho, kwa vumbi lililobaki. Kung'uteni chujio nje ya nyumba, mkiwa mmevaa barakoa, kabla halijaziba kabisa. Mkitaka kuvuta maji, toeni kwanza chujio la vumbi kavu na kuweka sponji, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Waya wa ekstensheni unyooshwe wote, maana ukiwa umezungushwa hupata joto. Mkitumia jenereta, iwe na uwezo unaozidi ule ulioandikwa kwenye mashine, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi zaidi. Sauti ikibadilika, zimeni mara moja.

NENO KWA KAMATI

Msiandike katika bajeti bei ya mashine peke yake. Andikeni pia machujio na mifuko ya muda wote wa ujenzi. Bei hizo zikijumlishwa, mara nyingi mashine iliyoonekana rahisi huwa ndiyo ghali. Ikiwa ukarabati ni wa wiki chache tu, ulizeni kama mkandarasi anaweza kuja na mashine yake, au parokia jirani zinunue moja kwa pamoja, na liwepo daftari la kuonyesha nani ameichukua na lini chujio limebadilishwa. Mashine ya mazulia inunuliwe baada ya fundi wa mwisho kuondoka.

NENO KWA NDUGU ZETU WAFADHILI

Tunawashukuru kwa ukarimu wenu, na tunaomba jambo moja. Kabla ya kununua mashine huko mliko na kuisafirisha, tuulizeni. Mara nyingi itafaa zaidi inunuliwe hapa, mahali ambapo vipuri vipo na fundi anaifahamu. Na ikiwa mnapenda kutoa kitu kinachosahaulika na wengi, toeni machujio ya akiba.

Sisi tulinunua mashine ya ndoo, ya daraja M, pamoja na machujio mawili ya akiba. Tulitundika pia turubai kati ya upande wa mafundi na upande wa wakazi. Kazi ilipokwisha, mashine ilikuwa bado nzima, na sasa ipo parokia jirani wanakokarabati jengo la chekechea. La muhimu zaidi, mwenzetu mwenye pumu alianza kulala usiku bila kukohoa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza: unapoziba ufa, yalinde pia mapafu ya wanaolala ndani ya nyumba hiyo.