Fahamu: Fidia kwa wanamichezo wastaafu walioumia ubongo

Ni fidia gani?
Ni malipo kwa mwanamichezo wa kulipwa ambaye ubongo wake umedhoofika kwa kupigwa au kugongwa kichwa mara nyingi. Dalili, kama kusahau, hasira na kutetemeka, huweza kujitokeza miaka mingi baada ya kustaafu. Ugonjwa mmojawapo, CTE, huthibitishwa tu kwa kuchunguza ubongo wa marehemu.

Nani analipa?
Nchini Marekani, NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilishtakiwa na wachezaji wake wa zamani. Mapatano yalianza kutekelezwa mwaka 2017, na malipo yamepita dola bilioni 1. Uingereza, wachezaji wa zamani wa raga wamewashtaki wasimamizi wa mchezo huo.

Kenya je?
Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, humlinda mwajiriwa. Dai la ajali huwasilishwa ndani ya miezi 12, ilhali madhara ya ubongo huchelewa kuonekana. Bondia anayelipwa kwa kila pambano huenda asihesabiwe kuwa mwajiriwa.

Kwa nini ni muhimu?
Hatari si ngeni: bondia Mkenya Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, alifariki Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas. Kijana wa Kegonga, Kaunti ya Migori, anayetaka kuingia ulingoni au kucheza raga ya kulipwa aulize mapema: mkataba unasemaje, bima ipo, na nani anatunza rekodi za matibabu?