VISIWA VYA MAZIWANI VILITOKA WAPI?



Wengi wetu tukaao Kasulu na Kibondo twalijua Ziwa Tanganyika kwa dagaa na migebuka yake kuliko kwa maji yake. Gunia la dagaa likifika sokoni hakuna aulizaye limetoka kisiwa gani, kwa kuwa karibu na mji wa Kigoma hakuna kisiwa cha kutajika. Lakini mwanachama aliyewahi kufanya kazi upande wa Mwanza atakusimulia habari nyingine kabisa: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo, na huko Uganda visiwa vya Sese vilivyo themanini na zaidi. Maziwa haya mawili ni majirani, na yote mawili ni ya maji baridi. Kwa nini basi moja lijae visiwa na jingine liwe karibu tupu? Swali hili huulizwa mara kwa mara katika safari za ukaguzi, na kwa kuwa jibu lake lagusa mashamba yetu, yafaa liandikwe hapa.

Aghalabu watu hudhani kwamba kisiwa ni nchi iliyozuka majini kama mgongo wa kiboko. Vipo vya namna hiyo, navyo vitatajwa. Lakini visiwa vya Ziwa Viktoria havikuzuka; maji ndiyo yaliyovifuata. Msomaji na asimame asubuhi ya masika juu ya kilima chochote cha Heru, ukungu ukiwa umelala mabondeni. Ataona vilele vikichungulia juu ya weupe ule, kila kimoja peke yake. Lau ukungu huo ungekuwa maji, vilele vile vingekuwa visiwa, na njia za kwenda mnadani zingekuwa za mitumbwi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa huko. Zamani mito kama Kagera na Katonga ilitiririka kuelekea magharibi. Kisha ardhi ya upande huo wa magharibi, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ikainuka polepole mno. Mito ikakosa mteremko, na maji yakarudi nyuma, yakatuama katika nchi ya vilima na mabonde mapana. Wataalamu wakadiria kuwa ziwa lilianza hivyo yapata miaka 400,000 iliyopita. Ndiyo sababu Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lina kina cha mita 80 hivi tu mahali palipo na kina kuliko pote. Ni sahani pana, si chungu, na katika sahani kila kilima kilichoinuka kidogo hubaki juu.

Wala sahani hiyo haikujaa siku zote. Wachunguzi waliotoboa sakafu ya ziwa walikuta, chini ya tope, udongo wa nchi kavu wenye alama za mizizi ya nyasi. Yapata miaka 17,000 iliyopita, wakati wa ukame mkuu, ziwa lilikauka lote au karibu lote, kisha likaanza kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Katika kipindi hicho mtu angeweza kwenda Ukerewe kwa miguu, kama angepata maji ya kunywa njiani! Na hata katika umri wa wazee wetu, kati ya 1961 na 1964, mvua kubwa ziliinua maji ya ziwa hilo kwa mita mbili na nusu hivi, na mashamba ya ufukoni yakamezwa.

Ziwa letu lina asili nyingine. Hapa gamba la ardhi lilipasuka na kuvutwa huku na huku, na kipande cha katikati kikadidimia. Kazi hiyo ilianza mamilioni ya miaka iliyopita, wala haijakoma. Mitetemeko tuisikiayo mara moja moja ni sehemu yake. Matokeo yake ni mtaro wenye urefu wa kilometa 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, hata sakafu yake iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari. Kilima kilichodidimia pamoja na sakafu kama hiyo hakiwezi tena kuchungulia. Visiwa vichache vilivyopo vimekaa karibu na kingo: Ulwile na wenzake mbele ya Kipili mkoani Rukwa, Kavala upande wa Kongo, Mutondwe na Kumbula upande wa Zambia.

Maji ya Tanganyika nayo hupanda na kushuka. Mwaka 1878 yalivunja kizuizi cha matope na magugu kilichokuwa kimeziba mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa ziwa hili, na kabla ya karne ile kwisha yalikuwa yameshuka kwa mita 10 hivi. Katika Ziwa Viktoria mshuko kama huo ungeunganisha visiwa vingi na bara. Huku, kwa kuwa kingo zimesimama wima, sura ya ziwa haikubadilika sana, isipokuwa penye tambarare kama Ujiji, ambako maji yalisogea mbali na mji.

Visiwa vilivyozuka kweli ni vile vya volkano, mfano Kisiwa cha Kati katika Ziwa Turkana nchini Kenya, ingawa maji ya huko yana magadi. Vipo pia visiwa visivyo na mwamba wala udongo, yaani mafunjo yaliyokatika ufukoni yakaelea. Mtu asividharau: Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilielea hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, na Uganda nzima ikaingia gizani.

Sasa turudi kwenye kisiwa kilicho kilima, maana hapo ndipo mkulima ana neno. Kisiwa kama hicho hakiletewi udongo na mto wowote. Kina udongo ule ule kilichokuwa nao kabla ya kuzungukwa, nao kwa Ukara ni mchanga uliotokana na majabali ya itale, usio na rutuba nyingi. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilometa za mraba zisizozidi 80 hivi, na watu wake ni wengi tangu zamani. Wakara hawakuwa na pori la kuhamia shamba likichoka. Kwa hiyo, hata kabla ya wakoloni, walifunga ng'ombe ndani ya nyumba katika zizi lililochimbwa chini, wakawakatia majani, na samadi yote wakaibeba hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, ambayo baadaye yalifukiwa yakaoza kuwa mbolea. Kwa maoni yangu hakuna somo la kilimo lililopata kuletwa kwetu na mtaalamu yeyote linaloshinda hilo.

Sisi wa Kasulu tuna vilima visivyozungukwa na maji, na udongo wetu una mahali pa kwenda. Udongo uchukuliwao na Malagarasi kutoka upande wa Kibondo hupita kwanza katika mabwawa makubwa ya Moyowosi, na mwingi hutua humo. Lakini Ruchugi hukutana na Malagarasi pale Uvinza, baada ya mabwawa hayo, na mzigo wake hauna pa kupumzika hadi ziwani. Huko haufanyi hata kisiwa. Sehemu hubaki kwenye mchanga wa mlango wa mto, na iliyosalia huzama katika shimo ambalo limekwisha kumeza tope la unene wa kilometa kadhaa bila kujaa.

Mbegu za marejea chama cha msingi chaweza kuziagiza pamoja na pembejeo nyingine, na mistari ya matete yafaa ipandwe kukata mteremko mvua za Novemba zinapoanza. Atakaye kujua shamba lake latoa nini, achote maji ya kijito kilicho chini yake baada ya mvua kubwa, ayatie katika chupa ya kioo na kuyaacha hadi kesho yake. Kimo cha tope lililotua chaweza kuandikwa katika daftari, mwezi kwa mwezi, kama uandikwavyo uzito wa kahawa.