Mawe ya Kilwa Yana Wenyewe

Ukifika Kilwa Masoko, mkoani Lindi, panda mashua uvuke kwenda Kilwa Kisiwani. Safari ni fupi. Kabla hujashuka utaona ukuta mkubwa wa mawe karibu na maji. Hapo ni Gereza. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505. Ngome unayoiona sasa ilijengwa baadaye, wakati wa Waarabu wa Omani.

Lakini Kilwa ilikuwa mji mkubwa kabla Wareno hawajafika. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao wenyewe. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji huo. Msikiti Mkuu bado umesimama, ingawa umebomoka sehemu nyingine. Jumba la Husuni Kubwa, lililo juu ya mwamba na kutazama bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha nyingine, na hii si ya sifa. Ni orodha ya urithi ulio hatarini.

Hatari zilikuwa nyingi. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko. Mbegu ya mti huota katika ufa. Mzizi hunenepa, ukuta hupasuka, mvua huingia ndani. Na tuseme kweli, watu nao wanaweza kuharibu. Mtu anajenga nyumba yake. Anaona jiwe zuri limeanguka. Anajiuliza, "Jiwe hili ni la nani?" Akidhani ni la wageni wenye kamera tu, atalibeba.

Kwa hiyo vijiji viliunda kamati za magofu. Wajumbe wake ni wanakijiji wenyewe. Kazi nyingine ni rahisi kuzieleza: kufyeka vichaka, kulinda, kuonya wanaochukua mawe. Ufukweni ilipandwa mikoko, kwa sababu mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu za mawimbi.

Kuziba nyufa ni kazi ngumu zaidi. Hapa watu wengi hukosea. Hudhani saruji ni bora kwa kuwa ni ngumu. Kuta za Kilwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua. Maji yakiingia ukutani, hutoka tena. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, na mawe ya zamani huanza kumomonyoka. Kwa hiyo fundi hutumia chokaa, kama walivyofanya wazee. Matumbawe huchomwa kwa kuni mpaka yawe meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji, yakavunjika na kuwa unga.

Wanakijiji hawakufanya kazi hii peke yao. Walikuwapo wataalamu, na fedha zilitoka nje pia. Hilo si aibu. Kujitolea si kumfanyisha fundi kazi bure mwaka mzima huku watoto wake wana njaa. Siku moja ya kufyeka ni jambo moja, na kuchoma chokaa kwa miezi ni jambo jingine.

Mwezi wa Juni 2014, magofu ya Kilwa yaliondolewa katika orodha ya hatari. Lakini miti haikuacha kuota, wala bahari haikuacha kupiga.

Kuna urithi mwingine usiohitaji chokaa. Historia ya masultani wa Kilwa iliandikwa zamani kwa Kiarabu. Nakala yake moja iko London, mbali sana na sisi. Lakini masimulizi ya wazee yapo hapa kijijini, nayo hayajaandikwa yote.

Huenda kijiji chako hakina magofu. Kina kisima cha zamani, au mbuyu, au makaburi. Usichimbe mahali hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mambo ya kale bila kibali. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari, uende kwa mzee jioni, akiwa amepumzika. Mwombe ruhusa. Andika jina lake, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema, hata kama mzee mwingine husema tofauti. Kisha msomee ulichoandika, asahihishe. Nakili mara ya pili. Daftari moja libaki kwake na la pili lipelekwe shuleni.